Mwanangu, usiniambie tena utakula utakachokikuta

Manka mwanangu,

Nimeona nikuandikie tu, maana kwenye simu nikifika kwenye habari ya chakula unasema "mama nimekuelewa" halafu unarudisha maongezi kwenye viza. Viza ya Ujerumani imetoka, tumshukuru Mungu, sasa tuongee chakula.

Uliporudi kutoka Dar mdogo wako aliniambia ulishika ukuta wa bafuni ukashindwa kusimama, wewe ukaniambia ni uchovu wa basi. Nikakuuliza ulikuwa unakula nini huko ukasema chai na maandazi, na juisi, kwa sababu foleni ya viza ilikuwa ndefu na hukutaka kutoka upoteze nafasi. Dar es Salaam mwanangu, ambako huwezi kutembea hatua kumi hujakutana na mtu ana trei ya mayai ya kuchemsha na kachumbari! Sasa huko Leipzig, Ujerumani, nani atakupitishia mayai? Na bado unanijibu "mama nitakula nitakachokikuta". Hilo neno ndilo linaninyima usingizi, baridi sijali, ndege sijali, hilo neno tu.

Kula unachokikuta ni kwa mtu mwenye tumbo zima. Wewe daktari ameondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula, kilichobaki kinajaa haraka, ukikijaza andazi basi yai halina pa kukaa mpaka masaa yapite, na siku ina masaa mangapi? Mtaalamu wa lishe alisema gramu 60 za protini kwa siku ndio chini kabisa, ukiweza ufike 80. Ile karatasi yake wewe yako umeipoteza, yangu nimeibandika kwenye friji na baba yako anaisoma kila akifuata maziwa. Yai moja gramu 6. Hesabu mwenyewe kama unaweza kufika 60 kwa kubahatisha, hufiki. Ndio maana protini inatangulia mdomoni, mboga inafuata, wali au mkate kama nafasi imebaki, na kama haijabaki usiulilie.

Najua utasema mama anaongea kama nesi. Niongee kama nani? Ulipopelekwa chumba cha upasuaji sisi tulikuwa huku hatujui, tumeambiwa uko semina, baba yako mpaka leo hajalisema ila mimi namjua anavyokaa kimya. Tuliyokuwa tunayasema pale sebuleni kuhusu mwili wako najua uliyasikia, kwa hiyo sikulaumu sana kwamba ulificha. Tuliache hilo.

Siku ya safari. Chupa ya maji pita nayo tupu pale uwanja wa ndege wa KIA, ukishakaguliwa ndio unajaza, na unakunywa kidogo kidogo njia nzima, usigugumie. Kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti kwenye ukaguzi kwa hiyo ile protini usiikoroge nyumbani, beba ya unga. Nitakuchemshia mayai na kuku nitamchambua nyuzi nyuzi, mlaini, maana nyama kavu unajua inavyokukwama. Hivyo vyote vimalize kabla hujatua Ujerumani, kabla kabisa, sababu nchi za Umoja wa Ulaya hawaruhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa kutoka kwetu, hata kipande. Nilikuwa nimeshakuandalia nyama ya kukausha na samli, mtoto wa mama mdogo wako anayeishi kule akaniambia mama mkubwa utamletea mwenzio matatizo. Samli nimempa bibi yako.

Ila dagaa ruksa! Samaki wa kukaushwa wanaruhusu, tena mpaka kilo 20 kwa matumizi yako. Nimenunua Mbuyuni dagaa wa Kigoma, nimekaa nao kwenye ungo mmoja mmoja, nimetoa kichwa na ule utumbo mweusi unaoleta uchungu, nimewaosha kwa maji ya moto nikawaanika tena juu ya bati mpaka wakawa wanavunjika mkononi, halafu nikawakaanga bila mafuta kwenye sufuria nzito. Nusu nimewasaga unga. Ule unga ni wa kunyunyizia kwenye supu au kwenye dengu, vijiko viwili tu unaongeza protini na kalsiamu na chakula hakijawa kingi. Usiniambie wenzako hosteli watalalamika harufu, ukiwa umefungua dirisha na umefunika sufuria hamna harufu ya kumfukuza mtu.

Ile protini ya unga ya kopo iache kwenye kopo lake, na lisiwe limefunguliwa, usihamishie kwenye mfuko wa nailoni ukaonekana umebeba kitu kingine. Hiyo inatokana na maziwa, na maziwa hawaruhusu, lakini chakula maalum cha mgonjwa cha kiwandani wanaruhusu hadi kilo 2, kwa hiyo barua ya daktari iwe karibu, ya Kiingereza, yenye aina ya upasuaji, tarehe na dawa zote. Ukiona wanakusumbua waachie, kule madukani protini zipo kibao.

Na ukishafika nenda dukani siku hiyo hiyo au kesho yake, usingoje mpaka uzoee. Hasa kama umefika Jumamosi, maana Ujerumani Jumapili supamaketi zimefungwa, labda zile za kwenye stesheni kubwa za treni. Nisisikie umeshinda Jumapili na biskuti. Kuna kitu wanaita Magerquark, ni kama mtindi mzito uliochujwa, gramu 100 zake zina protini kama 12, hiyo ni sawa na mayai mawili na inashuka vizuri. Mayai yapo, dengu zipo za kwenye makopo, samaki wa makopo, kuku. Wewe ukishakuwa na dengu na dagaa na kitunguu utashindwa nini? Umepika kwenye msiba wa watu mia tatu wewe.

Maji ya bomba ya huko yanakunyweka, lakini hotelini ukiagiza maji mara nyingi wanakuletea yenye gesi, sema unataka yasiyo na gesi, gesi inakuvimbisha na nafasi ya chakula inakwisha. Na usinywe huku unakula, najua hii ndio inakushinda kwa sababu sisi tumekulia chakula na kikombe cha chai pembeni, lakini subiri nusu saa baada ya kula. Pombe zao sikuongelei sana, wewe ni mtu mzima, ila daktari alisema inapanda haraka sana kwa mtu aliyepunguzwa tumbo.

Vidonge. Hapa naomba unisome taratibu. Usiviweke vyote kwenye begi la chini, mabegi yanapotea, gawa, na vya mwezi wa kwanza viwe mkononi. Kalsiamu na madini ya chuma usimeze pamoja, pishanisha masaa mawili, na vya chuma usishushie chai wala kahawa. Wewe bado unaona siku zako ndio maana damu ilishuka ile, sio kwamba hukuombewa. Kalsiamu haimezwi yote mara moja, unagawa, kila mara isizidi miligramu 500 au 600. B12 usiruke, tumbo lililobaki halikusaidii kuichukua kwenye chakula kama zamani. Na vitamini D ndio usicheze nayo kabisa, unaingia Novemba, jua la kule wakati huo ni dogo na wewe utakuwa umevaa mpaka masikio. Hivi ni vya maisha mwanangu, sio dozi ya malaria kwamba ukijisikia nafuu unaacha. Weka alamu kwenye simu, sisi tukiwa saa 3 usiku wewe huko kwenye baridi ni saa 1 jioni, nitakuwa napiga muda huo kukukumbusha na usiniambie nakufanya mtoto.

Kichwa kikiuma kunywa panadol, hizi diklofenaki na ibuprofeni zinachubua tumbo na kule ibuprofeni inauzwa famasi bila cheti, mtu anaweza kukupa kwa nia nzuri.

Halafu kutapika. Ukitapika siku mbili tatu mfululizo, maji hayakai, usikae chumbani unasubiri ipite ili usikose darasa. Vitamini B1 inaisha haraka mwilini, na ikiisha mtu anaanza kuona viwili viwili, anayumba, anachanganyikiwa, na ikichelewa mishipa ya fahamu na ubongo vinaharibika moja kwa moja. Nenda hospitali, au piga 112. Waambie neno la kwanza kabisa kwamba umepunguzwa tumbo, na uombe B1 itangulie kabla hawajakuwekea dripu ya sukari. Liandike hilo kwenye karatasi ukae nalo kwenye pochi pamoja na pasi. Kile kizunguzungu cha Dar kilikuwa njaa na maji kidogo, Mungu alikuwa na wewe, lakini ulikuwa na mdogo wako mlango wa pili. Leipzig mlango wa pili ni nani?

Watanzania wa huko watakualika, na watakujazia pilau kama kawaida yetu. Chukua nyama na kachumbari, pilau onja. Usione aibu kubakiza, na usijieleze kwa kila mtu, mwili ni wako. Shangazi yako juzi kanisani anasema umekonda mpaka umepoteza sura, nikamwambia sukari yake imeshuka, presha imeshuka, na Krismasi alipanda kutoka barabarani Kibosho mpaka kwetu amebeba ndizi hajapumzika hata mara moja, wewe unaweza? Alinyamaza. Nilifurahi sana siku ile mwanangu, nilikuwa nakuangalia dirishani.

Ndio maana sitaki uje uniharibie yote kwa chai na maandazi.

Mengine ni ya nyumbani tu. Ng'ombe amezaa dume tena. Fundi wa paa la jiko amechukua hela ya mabati sita ameleta manne, baba yako anamsubiri Jumatatu. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu, hiyo nyingine usitume wewe, nakujua, hela yako ya mwezi wa kwanza huko ni ya kununulia chakula, kahawa ikiuzwa tutamalizia. Lile koti zito nimepata mitumbani Memorial, zipu inashika ila mkono wa kushoto umelegea, nimeupeleka kwa fundi. Uje Ijumaa sio Jumamosi, Jumamosi tuna kipaimara kwa mjomba wako na sitapata muda wa kukuonyesha dagaa nimewafungaje. Na ukipiga piga kwangu, simu ya baba yako kioo kimepasuka hasikii anayeongea.

Mama yako