Barua ya wazi kwa wanahisa vijana wa Kisumu

Wanangu,

Nasikia wengi wenu sasa mnanunua hisa kwa simu, na mnapenda kampuni zinazosema zinalitunza ziwa letu. Nafurahi. Ila nimekula chumvi nyingi katika ukaguzi wa hesabu, na nataka mjue jambo moja kabla hamjaiamini picha ya mti kwenye jalada la ripoti ya mwaka.

Kurasa za hesabu hupitia kamati ya ukaguzi, kisha mkaguzi wa nje. Kurasa za mazingira mara nyingi hutoka idara ya matangazo zikaenda moja kwa moja kwa mpiga chapa. Kuna kampuni iliyoandika kwamba haitoi hata tone la maji machafu. Bomba lake nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, likimwaga maji ya rangi ya chai mtoni. Nilipouliza ni mkurugenzi yupi aliyeidhinisha sentensi ile, chumba kizima kilinyamaza. Iliniuma sana, maana wanaochota maji kule chini nawajua.

Uongo huo hukua pale bodi isipouliza. Volkswagen, kampuni ya magari ya Ujerumani, iliuza magari ya dizeli Marekani ikiyaita safi, kumbe yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Mwaka 2015 ilikiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Bodi yake ya usimamizi ilikuwa na viti 20, vingi vikikaliwa na familia zenye hisa, serikali ya jimbo na wawakilishi wa wafanyakazi. Mtu wa nje asiye na maslahi alikuwa adimu.

Kwetu, Sheria ya Makampuni ya 2015 inamtaka mkurugenzi azingatie athari za kampuni kwa jamii na mazingira. Kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji nazo zinataka angalau theluthi ya bodi wawe wakurugenzi huru, yaani wasiofungwa na maslahi katika kampuni. Hesabuni majina, kisha mwulizie kila mmoja, kwa sababu nimewaona walio huru kwa jina tu, marafiki wa mwenyekiti tangu shuleni. Tazameni pia bonasi ya mkurugenzi mkuu inapimwa kwa nini. Akilipwa kwa faida peke yake, bomba litaendelea kumwaga.

Kwenye mkutano mkuu, simameni muulize: takwimu hizi za maji na moshi zimekaguliwa na nani? Msikubali kuambiwa "tunajitahidi." Ombeni swali liandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na jina la aliyejibu, na mwaka ujao msomeeni jibu lake.

Mzee wenu,
Kisumu