Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Kumbukumbu za Ng'ombe wa Nyama kwa Mgeni Rasmi, Pugu, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wakufunzi wetu, wafugaji wenzetu, mabibi na mabwana,

Karibu Pugu. Hapa mnadani ng'ombe huthaminiwa kwa macho, na macho hayaoni ni kiasi gani cha ukubwa wa dume kitafika kwa ndama wake. Tumejifunza kukikokotoa. Hesabu huanza na kiwango cha kurithika, yaani sehemu ya tofauti kati ya ng'ombe inayotokana na vinasaba, nacho huandikwa kati ya 0 na 1.

Kwa uzito wa kuachishwa kunyonya, kiwango huwa karibu 0.25, kwa kuwa maziwa ya mama huingilia. Kwa uzito wa mwaka mmoja hufika 0.4. Dume akiwazidi wenzake kilo 20 akiwa na mwaka, zidisha kwa 0.4 upate 8. Ndama huchukua nusu tu kwa baba, basi tarajia kilo 4. Anayemuuza kwa ahadi ya kilo 20 anauza mbuzi kwenye gunia.

Kiwango chenyewe hupatikana kwa kulinganisha ndama wa madume mbalimbali. Ndama wa baba mmoja na mama tofauti hushirikiana robo ya vinasaba, hivyo sehemu ya tofauti inayotokana na baba huzidishwa mara nne. Mheshimiwa, na makosa huzidishwa mara nne! Madume wawili wakichanganywa zizini, baba hajulikani na kiwango hushuka. Ndama wa kila dume wakilishwa boma lao, tofauti ya pumba na mashudu huhesabiwa kuwa ni damu, na kiwango hupanda kwa uongo.

Ufanisi wa ulaji ni ghali zaidi kupima. Kila ng'ombe hupimiwa chakula na mabaki yake peke yake: siku 21 za kuzoea, kisha 70 za kipimo, na mzani kila wiki mbili. Uzito na ukuaji wake huonyesha alichotarajiwa kula; aliyekula pungufu na kukua vilevile ndiye tunayemtaka. Sifa hii hurithika kwa takribani 0.3 hadi 0.4. Jirani akidokoa hori lake, kipimo kimeharibika.

Mheshimiwa, kamba ya kupimia kifua hukadiria tu uzito, na kosa lake hufunika kwa urahisi zile kilo 4 tunazozitafuta. Tunaomba utusaidie kupata mzani wa mifugo na hereni za utambuzi, tuanze na ndama wa msimu huu.

Tunaomba kuwasilisha.