Ile boti uliyoniuliza

Capri Point, Mwanza
Jumapili jioni

Swahiba,

Mwangaluka! Najua utaisoma usiku huko Tanga, ila salamu ya Kisukuma inayonitoka bila kujiuma ni hiyo ya asubuhi. Mimi mzima, hofu ni kwako, shemeji na wale watundu wawili.

Uliniandikia mstari mmoja tu: "Nasikia umenunua ndege ya majini, na mimi naitaka." Ngoja nikueleze kabla hujaenda kuuza kile kiwanja.

Ni boti ya futi 24, mtumba, ililetwa kwa lori kutoka Dar. Nyuma ina mashine moja, Mercury Verado ya farasi 250: silinda 6, lita 2.6, na supachaja. Wavuvi wa Kirumba wanaokwenda na Yamaha ya farasi 15 wananitazama kama mtu aliyefuga simba ili amkamatie panya. Siwalaumu. Nikisukuma mpini mpaka mwisho inakunywa lita 80 na zaidi kwa saa. Piga hesabu, kwa shilingi 3,000 kwa lita, nusu saa tu ya kujionesha mbele ya Jiwe la Bismarck ni laki na ishirini. Ndiyo maana siku nyingi utaiona boti yangu imelala chini ya turubai, na mimi nimekaa pembeni naipangusa.

Sasa mbona supachaja? Hapa nina sababu, si sifa tu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Mashine ya kawaida inayojivutia hewa yenyewe, ukiitoa pwani na kuifunga hapa, inapoteza zaidi ya moja ya kumi ya nguvu zake. Inabidi uibadilishie propela, uweke yenye hatua fupi kwa kila mzunguko, la sivyo boti inashindwa hata kuinua pua ikiwa na watu sita. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, tofauti na turbo inayosukumwa na moshi wa ekzosi. Inaibana hewa na kuishindilia kwenye silinda, kwa hiyo ule upungufu unafidiwa kwa kiasi kikubwa. Kivuko cha kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kinachukua kama saa tatu. Mimi ziwa likitulia nafika chini ya saa moja, na chai bado ya moto kwenye chupa.

Lakini hewa ikibanwa inapata joto, na kwenye hii mashine inapozwa kwa maji ya ziwa kabla ya kuingia ndani. Hapo ndipo gugumaji lilipoingia. Mwezi uliopita natoka upande wa kisiwa cha Saanane, mizunguko 6,000 kwa dakika, upepo masikioni, mara king'ora kinalia na nguvu inakatika yenyewe, kama mtu kanishika shati kwa nyuma. Kompyuta yake inajilinda: ikiona joto limezidi inakunyima mwendo. Nikainua mashine, nikakuta majani na mizizi vimeziba matundu ya kuvutia maji. Nikalala kifudifudi kwenye ukingo nachomoa kimoja kimoja, na mtumbwi wa dagaa unapita polepole, wote kimya kwa heshima. Mmoja akashindwa kuvumilia: "Mzee, tukuvute?"

Hilo lilikuwa dogo. Jumamosi hii tulimwaga oili ya giaboksi, ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Ukiona rangi hiyo ujue maji yameingia. Fundi wangu, kijana mmoja mpole asiyeongea akiwa kazini, akafungua nati, akavuta propela, akachungulia. Nyuma yake kulikuwa na pete nyeupe imekaza kwenye shafti, ngumu. Mimi niliapa ni washa ya plastiki imetoka nayo kiwandani. Akaichokoa kwa ncha ya kisu, ikatoa uzi. Akavuta. Ukatoka mwingine. Akawa anarudi nyuma anavuta, akafika getini, na bado haujaisha. Ilikuwa timba, swahiba, ule wavu wa nailoni wa uzi mmoja uliopigwa marufuku. Mzunguko wa shafti uliuyeyusha ukawa kama gundi, kisha ukaikata sili ya oili, ile pete ya mpira inayozuia maji yasiingie. Huo uzi ninao, nimeuviringisha kwenye kopo la maziwa ili uuone mwenyewe.

Basi jibu la swali lako. Ukitaka boti huko Tanga, nunua, lakini achana na supachaja. Wewe uko usawa wa bahari, hewa unayo nzito ya bure, halafu una chumvi ya kuosha kila ukirudi. Hata Mercury wenyewe, walipotoa V8 yao, mashine ya silinda nane, ya lita 4.6 mwaka 2018, waliiacha ijivutie hewa. Wakaongeza ukubwa wa injini badala ya pampu. Vitu vya kukaguliwa vinapungua: hakuna supachaja, hakuna kipoozea hewa yake. Mkeo atakushukuru bila kujua sababu.

Na kwa kuwa mwezi ujao unapita Dar, naomba uninunulie sili mbili za shafti ya propela. Namba nakutumia kwa simu, usikubali "inafanana". Pia anodi za magneziamu, vile vipande vya metali vinavyoliwa na kutu badala ya mashine. Zilizopo ni za zinki, zilifungwa wakati boti iko baharini. Zinki kwenye maji baridi inajifunika utando, inaacha kuliwa, na isipoliwa yenyewe kinachoanza kuliwa ni aluminiamu ya mashine. Muuzaji hakuniambia, nami sikuuliza.

Ukija uje na kofia ya kamba. Ile ya mkwe wangu iko mahali fulani kati ya hapa na Ukerewe.

Swahiba wako wa bwenini