Barua kwa Mwanangu: Kuku Wameanza Kutaga, Mikono Ioshwe

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka kwangu na kwa baba yako. Huku hatujambo, ila goti lake ndilo lile lile. Picha ya yai la kwanza tumeipata, na baba yako amemwonyesha kila aliyebisha hodi. Nimefurahi, mama. Kulea vifaranga mpaka wakataga si kazi ya mzembe, na walikuwepo waliokuambia hutaweza.

Ila picha ya pili imeninyima usingizi. Mjukuu wangu amemkumbatia kuku, mdomo umezama kwenye manyoya, na mkono mwingine umeshika yai lenye kinyesi kilichokauka. Kuku mwenye afya, anayekula na kutaga vizuri, anaweza kubeba vijidudu vya salmonela tumboni asionyeshe dalili yoyote. Vijidudu vinatoka na kinyesi, vinashika miguuni, kwenye manyoya, kwenye maranda na juu ya ganda la yai. Mtu mzima akivipata huenda akaharisha siku chache akapona. Mtoto wa chini ya miaka 5 anaweza kuzidiwa vibaya. Hata wewe, kwa hali uliyonayo, si wa kujiachia. Asimbusu kuku. Awatupie chakula ukiwa naye, kisha anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, wewe mwenyewe ukimsugua katikati ya vidole na chini ya kucha.

Utasema mama ameanza. Nimeanza, ndiyo.

Yai lile lilichafuka kwa sababu ninayoiona kwenye picha yako mwenyewe: viota viko juu kuliko fito za kulalia. Kuku hupenda kulala mahali pa juu kabisa. Usiku wanapanda kiotani, wanajaza kinyesi, na asubuhi anayetaka kutaga anatagia humo humo. Shusheni viota au mpandishe fito. Tandika maranda makavu, yakilowa badilisha, na uokote mayai asubuhi na tena alasiri, yasilale bandani. Lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Usilitumbukize kwenye maji baridi: ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na yai lenye joto likipoa ghafla huvuta maji ndani pamoja na uchafu wake. Lililopasuka tupa, usilihurumie. Na la mtoto liive mpaka kiini kigande. Halafu anawe tena kama aliligusa likiwa bichi.

Lile yai lisilo na ganda ulilolililia kwenye simu, hilo ndilo lisikusumbue. Yai zima humchukua kuku kama saa 24 hadi 26, na kati ya hizo karibu 20 ni za ganda peke yake. Mtetea anayeanza mwili wake bado haujazoea, mara nyingine huliachia kabla kazi haijaisha. Utaona madogo, utaona yasiyo na kiini, utaona yenye viini viwili. Yakizidi kuwa laini wiki baada ya wiki, hapo angalia chakula. Mpaka wengi wao waanze, endelea na chakula cha kukuzia, na maganda ya chaza yaliyopondwa uyaweke chombo cha pembeni; anayetaga atayafuata mwenyewe. Usiyachanganye kwenye chakula cha wote. Wale ambao vilemba bado vimepauka hawajafika, na kalsiamu nyingi ya maganda hayo kabla ya wakati huwaumiza figo. Wengi wakishaanza, wahamishe taratibu kwenye chakula cha kutagia. Maji yasikauke kabisa, kwa maana karibu robo tatu ya yai ni maji, na kuku aliyeshinda na kiu anaweza kuacha kutaga.

Hayo unayaweza, sina shaka. Uliandika tarehe ya kila chanjo ukutani bila kuambiwa na mtu, nilijivuna nilipoona. Ndiyo maana sielewi mtu makini hivyo anaoshaje chombo cha maji ya kuku kwenye sinki la jikoni. Kioshewe nje. Na viatu vya bandani vibaki nje, mtoto anatambaa na midoli yake sakafuni hapo hapo.

Baba yako anasema nilikuwa mkali siku ile niliposema kuku si mwanasesere. Huenda. Nilimwona mtoto analamba kidole.

Mdogo wako atapita kwako mwisho wa mwezi na godoro nililokuahidi, pamoja na mapazia. Urefu nimeubahatisha, utayapinda mwenyewe. Anasema atakuletea na trei za mayai za karatasi kutoka kwa mwenzake wa kazini anayefuga kuku. Usizipokee. Trei zilizopita kwa kuku wa watu wengine huja na magonjwa yao. Tumia bakuli mpaka upate mpya.

Mkwe wangu mwambie banda limesimama vizuri, nimependa alivyoinua sakafu. Sasa aweke ndoo ya koki na sabuni mlangoni pa banda, kwa kimo cha mtoto, si kwa kimo chake yeye. Akishaweka nitumie picha ya hiyo ndoo, kabla ya picha ya yai lingine lolote.

Mama yako