Picha ya tatu haikuchapishwa

Mheshimiwa Mhariri,

Jumapili iliyopita gazeti lenu lilitoa picha mbili za mama mmoja wa hapa Lubumbashi aliyekwenda kukatwa tumbo nje ya nchi ili apungue unene. Ya kwanza imeandikwa "kabla", ya pili "baada ya miezi 10". Mimi nina dipo la unga Katuba, na wateja wangu wanajua kwamba nami nimepita njia hiyo, basi tangu siku ile wanafika na gazeti mkononi. Mmoja alilitandaza juu ya gunia, akagusa picha ya pili kwa kidole: "Mama, na mimi nataka hii." Nikamuuliza: hii ya mwezi wa 10, au ya mwaka wa nne? Hakunielewa, na nadhani si yeye peke yake.

Mwaka wangu wa nne tangu nipasuliwe India unakatika sasa. Kabla ya hapo mizani ya zahanati ya mtaani ilikuwa inaishia kilo 110. Sindano iligonga mwisho, mwuguzi akaandika 110 na alama ya kujumlisha. Kilo zangu za kweli nilizijua hapa dipo, jioni moja vijana wa kubeba walipokwisha kwenda. Nilivua viatu, nikapanda mizani ya magunia. 118. Yaani magunia manne ya kilo 25, na kilo 18 juu yake. Urefu wangu ni mita 1.62, ukigawanya kilo kwa urefu mara urefu inatoka 45, na madaktari wanahesabu unene wa ugonjwa kuanzia 30. Kwa miaka mingi, tangu 1991, kanuni ya wapasuaji ilikuwa mtu afike 40, au 35 akiwa na kisukari, presha au tatizo la namna hiyo. Mwaka 2022 vyama vyao viliilegeza: 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine, na mwenye kisukari anaweza kufikiriwa kuanzia 30. Mimi sikuhitaji kulegezewa. Nilikuwa na kisukari, presha, magoti yanayolia kama mlango, na kukoroma mpaka pumzi inakatika usingizini na mume wangu ananitikisa.

Upasuaji wenyewe wanauita slivu. Wanatoboa matundu madogo tumboni, wanaingiza kamera na vyombo, wanakata mfuko wa chakula kwa urefu na kuondoa karibu asilimia 80. Kinachobaki kina umbo la ndizi. Kile kilichokatwa hakirudishwi tena, na hilo wakala aliyenipeleka alilisema harakaharaka, kama mtu anayesoma bei ya jana. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999. Kwa hiyo majuma ya kwanza sikupigana na njaa hata kidogo, haikuwepo. Mtu aliyeishi miaka 44 akiamshwa na tumbo lake, siku tumbo hilo linaponyamaza anaogopa.

Msomaji mmoja alishawahi kuandika humu kwamba huu ni uvivu wa wenye pesa. Pesa, sawa: yangu ilikuwa thamani ya magunia zaidi ya mia tatu. Lakini huo uvivu, angekuja anitazame nikinywa mchuzi kwa kijiko cha chai siku 14, kijiko, nasubiri, kijiko, nasubiri, huku nyumba nzima inanukia sombe. Mpaka leo bukari langu ni tonge tatu, samaki kwanza. Sinywi munkoyo pamoja na chakula. Nangoja nusu saa. Siku ya kwanza niliyokula kwa mama mkwe baada ya kurudi, niliacha sahani ikiwa karibu nzima. Hakusema neno. Alifunika sahani, akaibeba kama anavyobebwa mgonjwa.

Je, slivu inafanya kazi? Inafanya. Mwezi wa 14 mizani ile ile ya magunia ilisema 84. Presha ilishuka nikaachishwa dawa, kukoroma kuliisha, na kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilichokuwa asilimia 8.9 kilifika 5.8 bila kidonge. Hapo ndipo ningepigwa picha. Nilikuwa mzuri, sikatai, ingawa pale sokoni wengine walishaanza kunong'ona kwamba nina ugonjwa ule, na wengine kwamba mume amefilisika. Huku kwetu mama akipungua, watu wanatafuta msiba.

Halafu mwaka wa tatu ulikuja. Njaa ilirudi, si yote, lakini ilirudi na kumbukumbu zake. Leo nina kilo 91. Nililia, nikidhani nimeharibu. Daktari wa hapa mjini anayenifuata sasa ndiye aliyenituliza kwa hesabu. Huko Ufini, alisema, waliwafuata watu 240 kwa miaka 10, wengine wamefanyiwa slivu, wengine njia nyingine ya kukipitisha chakula pembeni, yaani bypass. Matokeo yalitoka 2022. Wa slivu, baada ya miaka yote hiyo, walikuwa wamepoteza karibu asilimia 43 ya kilo zao za ziada. Wa bypass kama 52. Za ziada, siyo za mwili mzima. Mimi kwa urefu wangu ningepaswa kuwa na 65 hivi, kwa hiyo ziada yangu ilikuwa 53. Nimetua 27. Ni nusu. Kumbe mimi ndiye mfano wa kawaida, wala si mkosaji! Gunia zima na kilo mbili zimeshuka mgongoni na hazijarudi. Lakini mtu aliyeahidiwa picha ya mwezi wa 10 atajihukumu vibaya sana mwaka wa nne.

Sukari nayo ni hivyo hivyo. Mwaka huu imepanda hadi asilimia 6.6, nimerudishiwa kidonge kimoja. Utafiti wa Cleveland, Marekani, uliotoka 2017, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano watu 23 kati ya 100 wenye kisukari waliofanyiwa slivu walikuwa na sukari ya asilimia 6 au chini yake, na waliotibiwa kwa dawa peke yake walikuwa 5 tu. Tofauti ni kubwa. Lakini hao 77 waliobaki nao ni watu, na hakuna aliyewapiga picha.

Sasa nije kwenye lililoniuma zaidi. Wakala alinipokea uwanja wa ndege wa Luano niliporudi, na maua. Mwezi wa pili simu yake ikawa haipatikani. Mwezi wa tisa nilianza kuchoka, mwili unalegea, nyayo zinawasha kama nimekanyaga siafu. Zahanati moja ilinitibu malaria. Baadaye malaria na tifoidi. Baadaye tena malaria, mara hii kwa sindano. Hakuna aliyeniuliza kama niliwahi kupasuliwa, na mimi kwa ujinga wangu sikusema, maana alama za matundu zilikuwa zimefifia na nilikuwa nimechoka kusemwa. Ni daktari huyu wa sasa aliyeninyanyua kope, akaona weupe, akauliza: "Mama, ulikatwa nini?" Damu ilikuwa chini, chuma chini, vitamini B12 chini kabisa. Mfuko wa chakula ndio unaotoa kitu kinachoshika B12 ili mwili uichukue. Ukiukata, kitu hicho kinapungua. Tena metformini, dawa ya kisukari niliyokuwa naimeza miaka ya nyuma, nayo hupunguza B12. Vidonge vya vitamini nilivyopewa India vilikuwa vimekwisha mwezi wa nne, nikadhani ni kama dozi ya malaria, ukimaliza umepona. Kumbe ni vya maisha.

Kiungulia nacho. Kitanda changu kimeinuliwa kwa matofali mawili upande wa kichwa. Kwa wale wa Ufini, kidonda cha koo la chakula kilionekana kwa 31 kati ya 100 wa slivu, na 7 kati ya 100 wa bypass. Mwenye kiungulia kikali tangu zamani ningemshauri alitaje hilo mapema, kabla ya kulipa chochote. Mabinti nao wasishike mimba kabla ya mwaka mmoja au mmoja na nusu. Na wajue kwamba mwili ukipungua mimba huja upesi kuliko walivyozoea. Kuhusu sindano mpya za kupunguza unene, nimesikia mengi. Zinasaidia, lakini ukiacha kilo hurudi, na zinataka friji. Friji yangu umeme ukikatika siku mbili ni kabati tu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkichapisha picha ya "baada", ulizeni ni baada ya miaka mingapi, na mkimpata mtu wa mwaka wa tano mpigeni picha huyo. Mpeni daktari wa mji huu nusu ukurasa aeleze vipimo: damu, chuma, B12, vitamini D, mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Na yule wakala anayelipia tangazo kwenu, muulizeni mgonjwa akirudi anapokelewa na nani baada ya maua. Mimi natembea na kikaratasi pochini, karibu na kadi ya mpiga kura: "Nimekatwa tumbo, slivu", mwaka, na namba ya simu ya daktari.

Yule mteja wa gazeti, nilimwambia avue viatu. Alipanda mizani: 83, magunia matatu na kilo nane. Ni mrefu, mita 1.70. Tulikokotoa kwa simu yake mwenyewe, ikatoka 28 na kitu. Nikamwambia, mwanangu, wewe hukatwi. Alinuna. Alilipa gunia lake, akaita kijana wa kubeba, na gazeti akaliacha juu ya mizani.

Mama wa Unga,
Katuba, Lubumbashi