Uliniambia Vitanda, Hukuniambia Makaburi

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, nakuarifu kuwa sote hapa Lamu tu wazima. Nimeona heri nikuandikie kabla hujapanda ndege, kwa sababu nikilitaja jambo hili kwa simu unacheka.

Uliposema unakwenda Ugiriki kusomea fanicha za kale, niliwatambia mafundi wenzangu wote. Nilipolitafuta katika intaneti neno kline, jina la kitanda cha Wagiriki wa kale cha kulalia na kuegemea, kwanza niliwapata Wamarekani wenye jina hilo la ukoo, ambalo kwao limetokana na neno la Kijerumani lenye maana ya mdogo na halina uhusiano na kitanda chochote. Ndipo nikaiona picha ya kitanda chenyewe, na chini yake imeandikwa kwamba kilitoka kaburini. Uliniambia vitanda, mwanangu, hukuniambia makaburi.

Nimesoma nilivyoweza. Kaburi hilo liko Vergina, kaskazini mwa Ugiriki, mahali palipoitwa Aigai zamani; lilifunguliwa na mwanaakiolojia Manolis Andronikos mwaka 1977, na ndani yake mlikuwa na mifupa iliyochomwa ya mwanamume ambaye wengi wanasema ni mfalme Filipo wa Pili wa Makedonia, baba yake Iskandari Mkuu, na wengine wanasema ni mwana mwingine wa Filipo. Mbao za kline yake zilikuwa zimeoza, zikabaki nakshi za pembe za ndovu zilizoanguka sakafuni, pamoja na vichwa vidogo vya watu vilivyochongwa kwa ustadi ambao mimi sina. Watu waliokaa na vipande hivyo hadi wakajua mfumbati ulipita wapi na kitakizo kilikaa wapi nawavulia kofia, na ningependa uwe miongoni mwao. Lakini maiti ni maiti, hata kama hakuwa wa dini yetu na hata kama amelala humo zaidi ya miaka 2,300. Nakuomba usishuke kaburini. Ikiwa huna budi, soma Ayatul Kursi kwanza, na mfupa usiuguse.

Mama yako anasema sina haki ya kunung'unika, kwa kuwa ni mimi niliyekufundisha kuwamba ulili wakati wenzako wanacheza, na ni mimi niliyekutuma msikitini ukapime kitanda cha kuoshea maiti kilipovunjika tendegu. Maneno hayo sitaki kuyaingia.

Tena kline hazikuwa za makaburini tu. Wagiriki walizipanga kandokando ya kuta katika chumba cha karamu, mara nyingi saba, na mlango wakauweka upande mmoja badala ya katikati ili vitanda vienee. Kila mwanamume aliegemea kiwiko cha kushoto akatumia mkono wa kulia, na wake zao hawakukaribishwa. Usije ukaiga. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisema kuwa yeye hali chakula akiwa ameegemea, na raha ya kuegemea tumeahidiwa huko Peponi, kama unavyoisoma katika aya ya 56 ya Yasini. Ninachotaka kusema ni kwamba jumba la kifalme la Aigai, lenye kumbi za karamu za namna hiyo, lilifunguliwa tena Januari 2024 baada ya ukarabati wa miaka mingi. Kwa nini usimwombe mwalimu wako akupangie kazi huko, ambako watu walikula tu na kuondoka?

Najua utanijibu kuwa kitanda walichokilia karamu ndicho walichomlazia maiti, na kwamba vyombo vikubwa vya udongo vilivyoko Athens vinamwonyesha maiti juu ya kline, jamaa zake wamejishika vichwa kwa kilio. Nimeiona picha hiyo, wala siikatai. Kumtazama maiti aliyechorwa si sawa na kumfungulia mlango aliyelala, na wewe ulinieleza upande mmoja tu.

Ulili wa bibi yako umelegea. Ndugu yako alianza kuuwamba akauacha nusu, na bibi hataki mkono mwingine ila wako, kwa hiyo ukija kuaga njoo siku mbili kabla. Mteja wa Shela ameagiza samadari mbili lakini arubuni hajaleta, ndiyo maana pesa nilizokutumia ni chache. Ni za koti zito, si za vitabu.

Ukifika, nipimie kimo cha matendegu ya kline ile iliyounganishwa upya, kwa maana katika picha yanaonekana marefu kuliko yetu, na nataka kujua kama mtu alihitaji kigoda ili apande. Nasikia makumbusho yenyewe yamo ndani ya kilima kile kile cha makaburi. Basi ingia mchana, pima, utoke.

Ni mimi babako.