Yah: Malalamiko kuhusu breki ya mbele ambayo hamkutufundisha

Tabata Segerea,
Dar es Salaam.
12 Mei 2025

Meneja wa Mafunzo,
Shule ya Udereva,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wenu wa kundi la asubuhi lililoanza Jumatatu ya tarehe 10 Machi. Nililipa shilingi 180,000 kwa lipa namba yenu, risiti ninayo, kwa ajili ya kozi ya usalama wa pikipiki kwa wanaoanza. Tangazo lenu lilisema siku kumi, saa mbili za mafunzo kila siku, na siku tatu kati ya hizo tuwe barabarani. Kazi yangu ni kusambaza mayai kutoka Kinyerezi kwenda kwenye maduka ya Tabata na Buguruni, na nilikuwa nimechoka kuona faida yote inaishia kwa bodaboda. Nikanunua pikipiki ya mtumba, ya cc 125. Mume wangu akasema vijana wa kijiweni wangenifundisha jioni moja tu kwa buku tano. Mimi ndiye niliyekataa, nikasema nataka shule, nataka watu wanaoijua kazi yao. Naomba mjue kwamba kauli hiyo sasa narudishiwa kila siku mezani.

Tulikuwa wanafunzi wanane kwa pikipiki mbili. Moja iligoma kuwaka siku ya tatu, ikaegemezwa ukutani na haikuguswa tena. Tukabaki wanane kwenye moja. Saa mbili zikawa saa moja, tukaambiwa ni kwa sababu ya mfungo wa Ramadhani, na wengi wetu kweli tulikuwa tumefunga, lakini maelezo hayo tuliyapokea huku ofisini kwenu kunanukia chai na chapati. Hayo nayapita. Hata ile kofia ngumu moja tuliyovalishana kwa zamu, isiyo na kifungo cha kidevuni, nayo ningeipita, isipokuwa ukutani kwenu kuna bango linalosema kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali kwa takribani asilimia 42. Takwimu hiyo ni ya kweli, Shirika la Afya Duniani nalo limeichapisha. Ila inahusu kofia iliyo kichwani. Isiyofungwa hutangulia kufika chini.

Kilichonifanya niandike ni breki.

Pikipiki ile moja iliyobaki haikuwa na breki ya mbele. Mkono wa breki ulikuwepo, lakini ukiuminya unagota kwenye mpini bila kukamata chochote. Niliinama siku ya nne nikaona kebo imelegea, imefungwa kwenye shoki kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilipomuuliza mkufunzi, alinijibu hivi: "Hiyo iache dada. Breki ya mbele ukiigusa tu inakubinua. Wewe kanyaga ya mguu." Na kila aliyeuliza baada yangu alijibiwa hivyohivyo, mpaka ikawa ndiyo somo lenyewe. Mwanafunzi mwenzetu mmoja aliiandika kwenye daftari.

Sina ugomvi na yule kijana. Ana subira, na yeye ndiye aliyenifundisha kuachia klachi taratibu mpaka pikipiki ikaacha kuruka kama chura. Naamini alikuwa anatulinda kwa namna aliyoijua, maana angefanyaje na chombo mlichompa? Lakini ubovu wa pikipiki yenu mmeugeuza kuwa elimu, mkatuuzia.

Alhamisi ya tarehe 24 Aprili, saa moja asubuhi, nilikuwa natoka Segerea kuelekea Buguruni na trei nane nyuma, yaani mayai 240. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Maeneo ya Barakuda daladala iliyokuwa mbele yangu ikasimama ghafla kumpakia abiria. Sindano ilikuwa kwenye 40, na kwa mwendo huo pikipiki inakata mita 11 kila sekunde. Nilifanya mlichonifundisha. Nikakanyaga ya mguu kwa nguvu zangu zote, mkono wa kulia haukugusa kitu. Tairi la nyuma likaganda, mkia wa pikipiki ukaanza kutangulia, nikalala chini ubavu nikateleza mpaka karibu na bampa ya daladala. Nilichunika kiwiko na goti. Namshukuru Mungu nyuma yangu hakukuwa na gari. Mayai 71 yalipasuka, na ute ulivyosambaa kwenye lami vijana wa kijiweni wakapiga kelele kwamba leo zege, yaani chipsi mayai, linapikwa barabarani. Nilicheka nao, nikaenda kulia gereji.

Fundi aliyenyoosha mpini wangu aliniuliza swali moja tu: "Ya mbele uliishika?" Nikamwambia nilikatazwa. Akanyamaza kidogo, kisha akanipeleka kwenye kipande cha lami kavu nyuma ya gereji, akachora mstari kwa mkaa. Akaniambia nije kwa mwendo wa 30, nikifika kwenye mstari nikanyage ya nyuma peke yake. Nilisimama hatua 15 mbele ya mstari. Mara ya pili nikatumia zote mbili, ile ya mkono nikiiminya polepole halafu nikiongeza, kama mtu anayekamua chungwa. Hatua 8. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini.

Akanieleza kwamba ukifunga breki uzito wote hukimbilia mbele, ndiyo maana ukiwa umesimama kwenye daladala nawe unasukumwa mbele ikifunga. Tairi la mbele linakandamizwa chini na kupata nguvu ya kukamata, la nyuma linabaki jepesi na kuganda upesi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kusimama iko kwenye ule mkono mliotuambia tuuache. Kubinuka au kuteleza hutokea mtu akiikwapua ghafla, au akiishika huku amelala kwenye kona. Na kwenye mchanga, ambao mitaa yetu imejaa, akasema ya mbele iguswe kwa adabu sana na mwendo upunguzwe mapema. Somo hilo lote lilichukua dakika arobaini. Hakunidai hata senti, alidai hela ya mpini tu.

Nilipofika nyumbani nikafungua kijitabu mlichotugawia siku ya kwanza, ambacho nakiri sikuwa nimekisoma. Ukurasa wa 7 umeandikwa kwamba dereva atumie breki zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo mnajua. Halafu nikageuza cheti changu, kile mlichotupa siku ya tisa kikiwa kimeshasainiwa, tukaambiwa ya kumi tusije. Nyuma yake kuna orodha ya stadi, na mstari wa tano unasema: "Kusimama kwa dharura: amefuzu." Ndugu Meneja, katika siku zote tisa hakuna aliyeniambia nisimame kwa dharura hata mara moja. Barabarani kwenyewe, badala ya siku tatu, tulizungushwa mtaa mmoja, mimi nikiwa abiria.

Ninachoomba kinajulikana. Mnirudishie nusu ya ada, shilingi 90,000, kwa saa na siku ambazo hazikufundishwa. Hela ya mayai siwadai, maana hata mwendo wangu siku ile ulikuwa mkubwa kwa barabara yenye maji, na hilo nalibeba mwenyewe. Pikipiki ile iondolewe uwanjani leo, isisubiri barua hii ijibiwe, kwani najua kundi la Mei limeshaanza.

La tatu ndilo zito kuliko hela. Namba za simu za wanafunzi wale saba mnazo, mimi sina. Wapigieni mmoja mmoja muwaambie kwamba tulichofundishwa kuhusu breki ya mbele si sahihi, na muwaite warudi wafundishwe bila malipo. Wawili kati yao walishaanza kupakia abiria kabla hata kozi haijaisha. Yule aliyeandika kwenye daftari alisema anakwenda kumfundisha mdogo wake.

Barua hii sijaipeleka nakala kwa trafiki wala Tume ya Ushindani. Nimeona niwape nafasi ya kuzungumza kwanza. Jumatatu ijayo, tarehe 19 Mei, saa nne asubuhi, nitafika ofisini kwenu na risiti, cheti na kijitabu. Nitakuja na pikipiki yangu pia. Breki zake zote mbili zinafanya kazi, endapo mkufunzi atapenda kuijaribu.

Wenu mteja,

Mwanafunzi wa kundi la asubuhi, Machi 2025